Kidonda kimefunga kwa nje, nyumbani wanadhani nimeshapona

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe maana mawifi zangu wanakusoma sana. Mi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, na leo ni siku ya 24 tangu nifanyiwe oparesheni ya kutoa kizazi. Nilikua na faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi, miaka mingi, kila mwezi natokwa damu mpaka naishiwa nguvu, nimeshaongezewa damu mara mbili, mwisho dokta akasema dawa hapa zimefika mwisho, tutoe. Ovari, zile za mayai, wameziacha. Wamenipasua chini ya tumbo, mkato wa kulala, na wodini nilikaa siku nne.

Shangazi sitaki kusema uongo, wiki ya kwanza mume wangu alikua malaika. Alichukua likizo, ananiogesha, ananipa dawa kwa saa, mtoto akilia usiku anaamka yeye. Sasa likizo ikaisha, nyuzi zikatolewa, nesi akaniangalia akasema kidonda kizuri sana mama, kikavu. Hilo neno kizuri sana ndo limeniponza, maana tangu siku ile mambo yamebadilika kabisa. Anarudi kazini anauliza mbona hakuna chakula, siyo kwa ukali, anauliza tu kama mtu aliyesahau. Nikimwambia siwezi kusimama muda mrefu ananijibu si dokta alisema utembee, sasa kama unatembea jikoni unashindwaje kufika? Na kweli dokta alisema nitembee, nikakosa la kujibu.

Mama mkwe alikuja kusaidia. Ni mama mzuri ila kazi nzito hawezi, ana magoti, halafu kila anayekuja kunijulia hali anamwambia mimi nimezaa watoto saba na siku ya tatu nilikua nimeshika jembe, watoto wa siku hizi wamekua laini. Anasema akicheka lakini nasikia. Juzi kuna mgeni akauliza kwani wametoa nini, mama mkwe akashusha sauti akamwambia "wametoa kila kitu, hapo imebaki nyumba haina mwenyewe". Nililia siku nzima. Mume nae siku hizi analala upande wa mwisho kabisa wa kitanda, sijui anaogopa kuniumiza au ndo hivo tena mimi siyo mwanamke.

Basi mwanangu wa mwisho ana miaka miwili na hajaelewa kwanini simbebi. Ananyoosha mikono nikikataa analala chini analia. Siku nne zilizopita alikua analia hivo hivo, bibi yake kalala, nikamwinua. Nilisikia kitu kama kimevutika upande wa kushoto, tangu hapo panauma nikigeuka na jana niliona unyevu kidogo kwenye nguo pale kwenye mshono. Sijamwambia mtu, naogopa kugombezwa.

Kinachoniumiza zaidi ni binti yangu wa miaka 11. Huyu mtoto ndo amekua mama wa nyumba. Anapika, anamwogesha mdogo wake, anafua. Kaka yake ana miaka 15. Wiki iliyopita mwalimu wa binti akapiga simu kwamba anasinzia darasani na kazi za nyumbani hafanyi, nikamwita nimseme, akaniambia anaamka saa kumi na moja alfajiri ili nikiamka nisikute kazi yoyote maana alisikia wageni wanasema mtu wa oparesheni akiinama mshono unaachia utumbo unatoka nje. Shangazi nilishindwa kuongea.

Mimi nae siyo kwamba natulia tu. Usiku wakilala naamka taratibu napanga vyombo, wanaviweka hovyo hovyo, nafuta jiko, maana nisipofanya hivo usingizi hauji. Dawa za maumivu niliacha wiki ya pili nikaogopa kuzizoea. Na watu wakipiga simu nawaambia niko sawa kabisa, namshukuru Mungu, maana utamwambia kila mtu shida zako mpaka lini.

Swali langu ni hili, nifanyeje mume wangu aelewe kwamba bado naumwa bila kuonekana nadeka? Na huyu mama mkwe nimwambieje?

Mama wa watatu

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla sijafika kwa mume wala mama mkwe, weka hii barua chini upige simu pale ulipofanyiwa oparesheni, leo, usisubiri kliniki ya wiki ya sita. Umemwinua mtoto, ukasikia kitu kimevutika, maumivu siku nne hayajaondoka na sasa mshono una unyevu. Inawezekana ni kitu kidogo tu, mara nyingi huwa kidogo, lakini anayetakiwa kusema hivo ni mtu aliyekuangalia kwa macho, siyo mimi na wala siyo wewe usiku peke yako na taa ya simu. Ukiona homa imefika 38 au zaidi, unyevu umegeuka usaha au unanuka, mshono umeanza kufunguka, tumbo linauma zaidi kila siku badala ya kupungua, au damu inatoka ukeni nyingi mpaka inajaza pedi ndani ya saa moja, basi hapo siyo simu tena, unaenda. Na mguu mmoja ukivimba au ukauma nyuma kwenye misuli, au pumzi ikikata ghafla na kifua kikabana, amsha mtu yeyote saa yoyote, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Wa kukugombeza agombeze baadae.

Sasa tuongee.

Nesi hakukosea kusema kidonda kizuri, ila alikua anaongelea ngozi. Ngozi huwa inashikana ndani ya wiki mbili hivi, ndo maana nyuzi zinatolewa. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu mweupe ambao ndo unashikilia tumbo lako lisimwagike mbele, na huo nao ulikatwa ukashonwa. Huo unapona pole pole mno, ni habari ya wiki na miezi, na hata kovu likishakomaa kabisa nguvu yake inafika kama asilimia 80 ya ile ya mwanzo, mia hairudi. Pakilegea pale ndo mtu anapata ngiri ya kwenye kovu, miezi au miaka baadae, kila mtu ameshasahau kama kulikua na oparesheni. Ndo maana wanasema wiki sita, wengine mpaka nane, usibebe kitu kizito, na madaktari wengi wakikutajia kiasi wanakwambia kilo 4 au 5 basi. Mtoto wa miaka miwili ana kilo kama 12. Ndo hesabu yenyewe hiyo, haina kudeka ndani yake.

Na hapo utaona mume wako amechanganya wapi. Dokta alisema utembee kwa sababu kulala muda wote kunafanya damu igande miguuni na tumbo linakua zito choo hakipiti, kwahiyo utembee ndani, utembee nje kidogo, uongeze kila siku, ukichoka ukae. Hiyo ni dawa. Kusimama saa nzima jikoni, kunyanyua sufuria lililojaa maji ya moto, kuinama kufua, hiyo siyo dawa hata siku moja. Yeye amesikia neno moja, kutembea, akalibeba kama kibali. Simlaumu sana. Alikua na wewe siku ile mnaruhusiwa? Kama hakuwepo basi hiyo habari ameipata kwako, na wewe mwanangu ndo unayewaambia watu kwenye simu niko sawa kabisa huku yeye amekaa pembeni anasikia. Ungekua wewe ungeamini nini?

Ndo nakuja hapo ambapo hutanipenda. Unaamka usiku kupanga vyombo. Asubuhi mume anakuta jiko linang'aa, mama mkwe anakuta jiko linang'aa, nani atajua kuna mgonjwa kwenye hii nyumba? Unataka waone unaumwa huku usiku unaficha ushahidi. Najua kwanini, mi mwenyewe niliwahi kutolewa kifuko cha nyongo, nikawa nalala kitandani nahesabu milango ya kabati niliyoisikia ikifungwa vibaya. Kinachouma pale siyo vyombo, ni kuona nyumba inaenda bila wewe. Sasa iache iende vibaya. Sufuria likae upande siyo wake, nguo zikunjwe kama zilivyokunjwa, mtoto aende na soksi mbili tofauti. Na usiku ukishindwa kulala, kaa kitandani, usiende jikoni.

Sehemu ya huo usingizi unaokukimbia ni maumivu. Umeacha dawa mapema ukiogopa kuzizoea, lakini panadol haizoeleki namna hiyo, na ukipiga simu kuhusu mshono uliza hapo hapo ni zipi uendelee nazo na kwa muda gani, unywe kwa saa siyo kusubiri mpaka uume meno, usizidishe tu ulichoandikiwa. Mtu mwenye maumivu hapumui vizuri, hakohoi, hatembei. Ukitaka kukohoa au kucheka kumbatia mto tumboni. Kutoka kitandani usiinuke kwa tumbo, geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Maji unywe, mboga na matunda ule, chooni usijikamue.

Mume wako sasa. Usimwambie nisaidie. Hilo neno wanaume wengi wakilisikia wanajibu sawa na wanamaanisha sawa, kisha wanakaa wakisubiri kuitwa. Mwambie kazi na saa yake: kuanzia leo mtoto unamwogesha wewe ukirudi, chakula cha jioni siku tatu za wiki ni chako na mbili ni za kijana wako, ukishindwa kupika ununue, mimi nitakaa kwenye kiti niseme chumvi iko wapi. Na kliniki muende wote wawili. Usiulize wewe, mwache aulize yeye, mke wangu anaruhusiwa kubeba nini na lini. Jibu likitoka kwa dokta likaingia sikio lake moja kwa moja huna haja ya kubishana nae nyumbani.

Halafu hilo la kulala mwisho wa kitanda. Umeshamuuliza? Nina hakika hujamuuliza, maana umeniuliza mimi. Mwanaume aliyekuogesha wiki nzima, aliyeona ule mshono ukiwa mbichi, nadhani mimi anaogopa kukugonga na kiwiko usiku, lakini nadhani yangu haikusaidii kitu, muulize gizani taa ikiwa imezimwa ndo rahisi. Mwambie unataka kushikwa mkono tu. Hayo mengine bado kabisa kwa nyie wote wawili, maana ndani kule juu ya uke nako kuna mshono, wiki sita mpaka nane na dokta awe amekuangalia kwanza, hata kama mwenyewe unajisikia vizuri.

Na kuhusu "nyumba haina mwenyewe". Kilichotolewa ni mfuko uliokua unakunyonya damu mpaka ukaongezewa mara mbili. Ovari ziko, zinaendelea kutengeneza homoni zako kama kawaida, kwahiyo hedhi haitakuja tena na mimba haitashika, ila ule ukomo wa homoni wa ghafla na joto lake haujakupata kwa sababu ya hii oparesheni. Mwili wako ni ule ule isipokua hutatembea na kitambaa mkobani kila mwezi ukiogopa kiti cha mtu. Machozi yapo, ni mengi baada ya oparesheni kama hii, na wengine wanakiomboleza kizazi hata kama hawakutaka mtoto mwingine, lia. Lakini yakipita wiki mbili kila siku ni giza, huli, hulali, hutaki kumuona hata huyo mdogo, mwambie dokta kama unavyomwambia habari ya kidonda.

Mama mkwe usimwambie kitu. Wewe ni mkwe, lolote utakalosema litaitwa kiburi na mawifi watalijua kabla jua halijazama. Hilo ni la mwanae. Amwambie, mama, habari za tumbo la mke wangu wageni tusiwape, wakiuliza waambie anaendelea vizuri. Sentensi moja inatosha. Na mi namuelewa huyo mama zaidi kuliko unavyodhani, mtu aliyeshika jembe siku ya tatu hakushika kwa sababu alikua na nguvu, alishika kwa sababu hakuna aliyemwambia pumzika, na sasa anakuona wewe umelazwa na mito miwili. Siku moja mkiwa wawili muulize, mama, siku hizo nani alikua anakushikia mtoto? Msikilize bila kujibu. Magoti mabovu hayazuii kukaa na mjukuu akiwa amekaa chini, wala hayazuii kusimama mlangoni na kuwaambia wageni mgonjwa amelala. Mpe hiyo kazi ya mlango, atafurahia, anapenda watu. Na hao wageni wa hadithi za utumbo ndo wa kwanza kuambiwa umelala.

Mdogo wa miaka miwili mbebe ukiwa umekaa. Yaani wewe kaa kwanza, mto tumboni, halafu mtu mwingine amuweke pembeni yako au apande mwenyewe kwenye kochi, akukumbatie atakavyo. Kitu anachotaka ni wewe, siyo urefu. Kila siku saa ile ile ukikaa pale atajifunza kwamba mama akikaa pale ni zamu yake. Atalia siku mbili tatu za kwanza, mwache alie na mkono wako uwe mgongoni kwake.

Sasa binti yako. Hapa ndo niliposoma barua yako mara tatu. Mtoto wa miaka 11 anaamka saa kumi na moja, na unadhani anaamka kwa ajili ya vyombo. Mwanangu, huyu mtoto anakulinda usife. Kila sahani anayoosha kwake ni utumbo wa mama umebaki ndani siku moja zaidi. Kumwambia tu pumzika hakutamsaidia, hatalala, atakua macho chumbani anasikiliza kama umeinuka. Na nina hofu kwamba usiku ukiamka kupanga vyombo anakusikia. Mkalishe peke yake, muoneshe ule mshono kama mwenyewe atakubali kuuona, mwambie umeshonwa kwa tabaka, ndani na nje, kuinama kidogo hakutoi utumbo, wageni waliongea wasichokijua. Usimdanganye kwamba umepona. Mwambie bado, ila dokta anajua na baba anajua, na kuangalia kama mama yuko salama ni kazi ya watu wazima. Kisha mwalimu wake apigiwe simu na baba, aelezwe kuna nini nyumbani, walimu wengi wakijua wanavumilia. Abaki na kazi moja ndogo aliyoichagua yeye, ukimnyang'anya zote ghafla atadhani amekosea.

Na kuna mtu mmoja kwenye barua yako umempa sentensi moja tu. "Kaka yake ana miaka 15." Basi, ukaendelea. Hujasema anafanya nini, hujalalamika, hata hukugundua kwamba hujalalamika. Mume umemshtaki, mama mkwe umemshtaki, hata nesi umemshtaki kidogo, lakini kijana mwenye mikono miwili, mgongo mzima na nguvu ya kubeba huyo mdogo wake wa kilo 12 kutwa nzima hakuna aliyemkumbuka, na dada yake aliyemzidi kwa miaka minne anafua nguo zake. Hilo siyo la oparesheni, lilikuwepo kabla, oparesheni imelifunua tu. Usimuite kwa hasira, huenda hajui aanzie wapi kwa sababu hajawahi kuambiwa aanze. Atabeba mtoto kila unapotaka kumbeba wewe. Atafua za kwake na za mdogo. Atapika siku mbili zake, ataunguza, mtakula.

Piga hiyo simu ya mshono kwanza. Halafu mwite kijana, vyombo vya usiku wa leo ni vyake.